“Gari Imeongezwa Nguvu”: Sajili ya Wanunuzi, Wenye na Mafundi wa Pikapu Mtaani Karagita

Utangulizi

Makala haya yanachunguza lugha ya watu wenye mapenzi na pikapu: wanaozinunua, wanaozimiliki na wanaozigeuza. Mahali palipochaguliwa ni Karagita, mtaa ulioko karibu na Ziwa Naivasha, kandokando ya Barabara ya Moi South Lake, katika Kaunti ya Nakuru. Wakazi wengi wa mtaa huu waliletwa na kazi ya mashamba ya maua. Wametoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kisii, Mlima Kenya na kwingineko, na majirani wawili wanaogawana ukuta mmoja wa mabati huenda wasiwe na lugha ya mama moja. Kwa hivyo mtu akitaka kuuza gari, kulikodi au kulitengeneza, Kiswahili ndicho kinachofanya kazi hiyo. Hakifanyi kwa hiari. Kinafanya kwa sababu pasipo hicho hakuna biashara.

Sikwenda na hojaji. Nilikaa kwenye benchi nje ya karakana moja ya jua kali, wikendi baada ya wikendi, nikasikiliza. Mpenzi msomaji atasamehe kwamba sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Watu hawa walinikaribisha kwa chai, si kwa utafiti.

Dai la makala haya ni kwamba maneno ya biashara ya pikapu si uharibifu wa lugha, kama wengi wetu tulivyozoeshwa kuyaona. Yamebeba maarifa ya kweli kuhusu chuma, sheria na pesa. Hata hivyo, baadhi ya maneno hayo yana ufa kati ya kinachosemwa na kinachotendeka chini ya gari, na katika ufa huo mtu hupoteza akiba yake, na pengine uhai wake.

Jina, silabi na ngeli

Neno pikapu limetoholewa kutoka Kiingereza, ambako asili yake ni kitenzi chenye maana ya kuokota au kuchukua. Lugha nyingine ziliitazama gari hii kwa jicho tofauti. Afrika Kusini huitwa bakkie, yaani kichombo cha kutilia vitu. Wakongo wanaotumia Kifaransa huiita camionnette, lori dogo. Waaustralia wamelikata neno refu lenye maana ya matumizi wakabaki na ute. Kiswahili kilichukua sauti na kuiacha maana. Hakuna mtu Karagita anayesikia “kuokota” ndani ya pikapu. Neno lilipewa irabu mwishoni ili silabi zote tatu ziwe wazi, likaingizwa katika ngeli ya I-ZI, likatulia.

Gari lenyewe halijatulia. Vitabu vyetu vinaliweka katika LI-YA: gari hili, magari haya. Karagita utasikia “gari hii”, “gari yangu imezima”, na mara mtu akifika kwenye wingi, kiambishi ma- kinarudi: “magari zimejaa”. Mwalimu atachukua kalamu nyekundu. Mimi nadhani mvuto wa majina ya magari una mchango hapa, kwani pikapu, lori, kenta, teksi na basi mara nyingi husikika katika I-ZI, na jina la jumla likavutwa na watoto wake. Katika maelezo yangu mwenyewe nitafuata usanifu. Katika maneno ya wasemaji sitamrekebisha mtu.

Neno bodi nalo linahitaji uangalifu. Kwa fundi wa rangi, bodi ni ngozi yote ya gari, kuanzia boneti hadi nyuma. Kwa mpakiaji wa viazi, bodi ni lile sanduku la nyuma tu. Mteja akisema “bodi imeoza” bei itategemea ni nani anayemsikia. Sehemu ya dereva ni kebini, na kutokana nayo tumepata singo kebini na dabo kebini. Singo ni ya kazi. Dabo hubeba familia, mhandisi na mkandarasi, na mara nyingi bodi yake fupi haijawahi kuona kabichi.

Si kila kitu kilitoholewa kutoka Kiingereza. Usukani ulikuwa wa chombo cha baharini, kutoka Kiarabu, kabla haujapanda barabarani. Karakana ina asili ya Kiajemi. Shehena, kupakia na kupakua ni maneno ya bandari. Lugha ya pwani ilikuwa imekwisha kujua namna ya kuzungumzia kitu kinachobeba mizigo na kuongozwa na mtu mmoja, na pikapu ilipokuja ilikuta viti vimewekwa tayari. Kwa upande wa sehemu ndogondogo, utohozi umetofautiana kwa mipaka: kinachozuia gari kurukaruka huitwa shoki hapa, ilhali Dar es Salaam utasikia shokapu.

Namba na neno “safi”

Mnunuzi wa Karagita huanza kwa kuisoma namba. Mfululizo wa KAA ulianza mwishoni mwa miaka ya 1980, KBA ukafuata mwaka 2007, na KDA mwaka 2020. Kwa hiyo mtu husema “ni KB”, “ni KD”, na herufi ya pili inageuka kivumishi cha umri. Dalali atakuambia: “Hii ni KD, bosi, bado mpya.” Watanzania wana mtindo huohuo wanaposema gari ni “namba D” au “namba E”.

Kosa limejificha hapo. Herufi husema gari liliandikishwa lini Kenya, si lini liliundwa. Kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango la Kenya hakiruhusu gari lililotumika nje kuingizwa nchini likiwa limezidi miaka 8. Maana yake ni kwamba gari lililoandikishwa hapa mwaka 2021 laweza kuwa limekwisha kutembea barabara za ughaibuni kwa miaka 7. Kando yake huenda pamesimama pikapu yenye herufi zilezile, iliyounganishwa Nairobi na kampuni iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa jina la General Motors Kenya, ambayo tangu 2017 inaitwa Isuzu East Africa. Hiyo iliandikishwa ikiwa haijatembea popote. Namba zinafanana, umri haufanani hata kidogo.

Baada ya namba hufuata neno safi. “Gari ni safi” ni sentensi isiyopingika kwa sababu haisemi kitu kimoja. Kwa muuzaji, safi ni kwamba rangi inang’aa. Kwa mkopeshaji, ni kwamba hati hazina deni. Kwa fundi, ni kwamba injini haijafunguliwa na chesisi haijapinda. Nilivyosikia, fundi mzuri halitumii neno hili kabisa. Anauliza vitenzi: imefunguliwa? imegongwa? imekatwa? imepigwa rangi?

Hapa sarufi inaingia sokoni. Muuzaji hupenda kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji. “Iligongwa kidogo” humfanya msikilizaji aone mtu mwingine akija kwa nyuma na kuligonga gari lililotulia. “Iligonga” ni hadithi tofauti: gari lilikuwa na mwendo, lilikutana na kitu, na sehemu iliyoumia ni ya mbele, kwenye injini, usukani na ncha za chesisi. Kiambishi kimoja tu, -w-, kinahamisha lawama na pia kinahamisha mahali pa kutazama. Mnunuzi anayejua Kiswahili chake vizuri atauliza tena kwa kauli ya kutenda.

Kisha atazame mwenyewe. Pikapu nyingi za kazi, tofauti na magari madogo ya abiria, zina chesisi ya chuma iliyolala chini, na juu yake kebini na bodi hukaa kama masanduku mawili yaliyotengana. Fundi alinisimamisha ubavuni mwa gari na kuniambia nitazame mwanya kati ya masanduku hayo. Ukiwa sawa kutoka juu hadi chini, vema. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, gari hilo lilibebeshwa kupita kiasi hadi chesisi ikainama nyuma ya kebini. Alisema “mgongo umepinda”. Sijui istilahi ya mhandisi inayoweza kulisema jambo hilo kwa uwazi zaidi.

Wasomi wetu wameandika mengi kuhusu misemo iliyochorwa kwenye magari. Ni kazi njema, ila tumekodolea macho maandishi ya nyuma ya bodi tukasahau kuuliza bodi yenyewe imeketi juu ya nini.

“Yangu”

Kivumishi kimilikishi -angu ni kipana mno kwa biashara hii. Dereva aliyeajiriwa husema “gari yangu” kuhusu pikapu ya tajiri. Aliyekopa benki husema vivyo hivyo, ingawa jina la benki limeandikwa pamoja na lake. Aliyelipa pesa zote lakini hajabadilisha hati husema vivyo hivyo tena, kwa sauti kubwa zaidi. Sheria haisikilizi kivumishi. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamchukulia mtu ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake kuwa ndiye mwenye gari, isipokuwa kinyume chake kithibitishwe. Kwa hiyo aliyeuza pikapu miaka miwili iliyopita, akapeana mkono na kusahau, anaweza kuamshwa na barua ya wakili kuhusu ajali asiyoijua. Na aliyenunua anaweza kuliona gari likichukuliwa kwa deni la mtu asiyemjua.

Madalali wana kitenzi chao kwa jambo hili: kuhamishia. “Nipe pesa, nitakuhamishia.” Kauli ya kutendea inasikika kama zawadi, kana kwamba ni jambo ambalo mtu mmoja humfanyia mwingine wakati wake. Kwa kweli ni tendo la watu wawili, ambalo siku hizi hufanywa kupitia eCitizen, na muuzaji na mnunuzi kila mmoja hulikubali kwa akaunti yake. Mkataba uliotiwa sahihi juu ya boneti hauhamishi kitu.

Nitasimulia kisa kilichoniaibisha. Mama mmoja muuza mitumba alikuwa amepata singo kebini nyeupe aliyoitaka sana. Chama chake kilikuwa kimemchangia sehemu ya pesa. Muuzaji alileta mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Fundi alinielekeza kidole: “Huyu ni wa chuo, mama. Atakusomea.” Nikasoma, nikatafsiri, nikafika kwenye kifungu kilichodai kwamba gari halina mzigo wowote wa kisheria unaolikalia. Nikatafuta neno zuri. Nikamwambia: “Gari halina vizuizi.”

Mama akacheka. “Kwani polisi wataacha kunisimamisha?”

Kwake, na kwa kila mtu aliyewahi kusafiri Kenya, vizuizi ni vile vyuma vyenye miiba ambavyo polisi huweka barabarani. Nilikuwa nimetafsiri kwa ufasaha na sikuwa nimesema lolote. Fundi, aliyekuwa amelala chini ya gari jingine, akasema bila kutoka: “Mama, wanasema gari haina deni ya mtu. Uliza kama ni kweli.”

Akauliza. Hakutoa malipo ya kwanza hadi rekodi za gari zilipotafutwa, na rekodi zilionyesha kwamba mkopeshaji alikuwa bado ameandikishwa pamoja na muuzaji. Muuzaji alisema ni jambo dogo, anakaribia kumaliza. Pengine alisema kweli. Mama alirudisha pesa za chama akaendelea kukodi.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi akilini. Neno rehani lipo katika Kiswahili tangu zamani, na lingetosha. Deni lilitosha zaidi. Mimi nililipita yote mawili nikitafuta neno lenye sura ya kisheria. Nadhani idara zetu hutufunza kutafsiri maneno ya hati, lakini hazitufunzi kuuliza: je, msikilizaji akishasikia, atajua afanye nini na pochi yake?

Pia neno logibuku lastahili kutazamwa. Wengine husema kitabu cha gari. Hati yenyewe imekuwa karatasi moja kwa muda mrefu, lakini jina la kitabu halijang’oka. Lugha huweka kumbukumbu ya maumbo yaliyokwisha.

Kutoka bodi hadi matatu

Wanaodhani kwamba kugeuza pikapu ni anasa ya vijana wa sasa wakumbuke historia yetu. Matatu, chombo kilichobeba Kenya nzima, kwa sehemu kubwa kilizaliwa kwa kugeuza magari ya mizigo. Jina lake latokana na Kikuyu, mang’otore matatu, sarafu tatu za senti kumi, iliyokuwa nauli. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo yabebe abiria bila leseni maalumu, na mafundi wakaingia kazini. Pikapu za Peugeot 404 na 504, na baadaye za Kijapani, ziliwekewa paa, madirisha ya turubai na benchi mbili ndefu ambapo abiria walitazamana magoti kwa magoti. Zile za kutazamana watu waliziita fesimi, jina lililotoholewa kutoka sentensi nzima ya Kiingereza yenye maana ya “nitazame”.

Nje ya Kenya jambo hilohilo limetokea bila sisi kuulizwa. Thailand, nchi ambayo huunda pikapu kwa wingi, ina magari ya abiria yaitwayo songthaew, yaani safu mbili. Ni pikapu yenye benchi mbili. Wao waliita safu, sisi tukaita macho.

Mwanafunzi wa ngeli ataona jambo jingine. Katika Kikuyu, ma- ya matatu ni upatanisho wa sarafu zilizo nyingi. Kiswahili kililipokea neno zima kama jina, kikaliweka I-ZI, tukasema matatu hii, matatu hizi. Na tukisema “magari matatu” tunarudi kwenye hesabu. Kanuni za mwaka 2004, zilizoletwa na aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, zilidai mikanda na vidhibiti mwendo, na fesimi hazikuwa na nafasi katika utaratibu huo. Ufundi wao haukufa. Ulirudi kwenye mizigo.

Kuongeza springi

Mabadiliko yanayofanywa Karagita ni ya aina nyingi. Kuna wanaoweka rimu pana, taa za ziada na vyuma vya mbele. Kuna wanaofunika bodi kwa kanopi. Kuna wanaopandisha kingo za bodi kwa mbao ili kabichi zisianguke. Sheria inataka mabadiliko makubwa, kama ya rangi, injini au umbo la bodi, yajulishwe msajili. Hayo nayapita. Mabadiliko yanayoombwa kila wiki na yanayohusu uhai ni kuongeza springi.

Springi za nyuma za pikapu ni mabapa ya chuma yaliyopindwa na kupangwa moja juu ya jingine, refu juu, fupi zikifuatana chini. Bolti moja ya katikati, sentabolti, huyashika pamoja, na yubolti huyafunga kwenye ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Fundi hufungua, huongeza bapa moja au mawili, mara nyingi kutoka gari kubwa zaidi, hufunga tena. Nyuma ya gari huinuka. Mwenye gari hulizunguka, hutabasamu, na husema ile sentensi iliyotupa kichwa cha makala haya: “Sasa gari imeongezwa nguvu.”

Nguvu ya nini? Injini ni ileile. Breki ni zilezile. Ekseli, tairi, beringi na chesisi ni vilevile. Kilichoongezwa ni ugumu wa bapa kupinda. Springi haimalizi uzito. Huupokea na kuupitisha kwa ekseli, na ekseli kwa tairi. Gari lililokuwa likilalamika kwa kuinama sasa halilalamiki tena. Dalili ndiyo iliyoondolewa. Hata hivyo neno nguvu limeshaingia katika hesabu ya mwenye gari, naye huongeza magunia.

Magunia nayo yana lugha yake. Pikapu hizi hutajwa kuwa za tani moja, lakini viazi vya Kinangop havikupimwa kwa tani. Vilipimwa kwa gunia, na gunia kwa muda mrefu lilikuwa lumbesa, lile lililoshonewa kofia ya wavu juu. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka kilo 50 kuwa kikomo cha mfuko wa viazi. Magunia 10 ya kilo 50 ni nusu tani. Magunia 10 ya lumbesa yenye kilo 150 kila moja ni tani moja na nusu. Katika mazungumzo yote mawili ni “gunia kumi”. Kati ya neno gunia na neno tani hakuna aliyejenga daraja, na pikapu ndiyo inayolipa.

Kuna neno jingine la kuogofya zaidi kwa sababu linasikika kama sifa. Madereva waliobeba sana husema “usukani umekuwa mwepesi”. Katika duka la magari, usukani mwepesi ni fahari. Lakini pikapu iliyolemewa nyuma ya ekseli huinua pua yake, na magurudumu ya mbele, yanayoongoza na yenye kazi kubwa zaidi ya kusimamisha gari, hukanyaga lami kwa uzito mdogo. Mikono inasikia raha kwa sababu tairi hazishiki. Usiku, taa zilizoelekezwa barabarani huelekea machoni mwa anayekuja.

Jambo ambalo sikulijua kabisa nililifunzwa nikiwa nimepiga magoti. Katika baadhi ya pikapu, zikiwemo Hilux za vizazi kadhaa, karibu na ekseli ya nyuma pana vali ndogo ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa ufito wa chuma. Bodi ikishuka kwa mzigo, ufito husukumwa, na vali huruhusu breki za nyuma zipate shinikizo zaidi. Bodi ikiwa juu, vali hujua gari ni tupu na hupunguza shinikizo hilo, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na gari likateleza. Sasa ongeza mabapa mawili. Bodi haishuki. Gari lina viazi hadi shingoni, na vali inaamini halikubeba kitu. Fundi aliita hiyo “kuidanganya gari”. Wengine, wakishagundua, huufunga ufito kwa waya ili breki zishike kikamilifu daima. Na siku gari likirudi tupu, mvua ikinyesha, magurudumu ya nyuma hukwama kwanza.

Aliyelipeleka gari lake kwa fundi siku hiyo alikuwa ametoka nalo Kinangop kuelekea Naivasha, ukiteremka ukuta wa Bonde la Ufa. Alikuwa ameongezewa springi mahali pengine, mwezi mmoja kabla. Alituambia kwamba alikanyaga breki kwenye kona na gari likaendelea “kama halijasikia”. Aliliingiza kwenye mtaro wa kando kwa makusudi. Viazi vilitapakaa, kijana wa kupakia akavunjika mkono. Alirudia mara tatu, kwa mshangao uliokuwa wa kweli, kwamba hakuelewa, kwa sababu gari lilikuwa limeongezwa nguvu.

Fundi hakumkaripia. Alimwita mzee wangu, akamwonyesha vali, akamwonyesha ufito ulivyolala. Kisha akatumia kitenzi ambacho sikuwa nimekisikia mbele ya wateja: “Hawakukuongezea nguvu, mzee wangu. Waliikaza tu.”

Kukaza. Neno la kawaida, la kila nyumba. Tunakaza kamba, tunakaza mkanda. Linasema ugumu bila kuahidi uwezo. Baadaye nilimuuliza kwa nini halitumii siku zote. Alisema mteja anayelipa hataki kusikia kwamba gari lake limekazwa. Anataka kusikia nguvu, na akinyimwa neno hilo hapa atavuka barabara alipate kwingine. Kwa maneno mengine, istilahi sahihi ilikuwepo tayari, ndani ya sajili ileile, na ilikuwa ikishindwa sokoni na istilahi tamu. Kamati ya istilahi ingetokwa jasho kutafuta neno. Tatizo la Karagita halikuwa kukosa neno.

Nilipokuwa nikimaliza ziara zangu, fundi alikuwa amemwita mchoraji aandike bango jipya la mabati. Aliniuliza, kwa kuwa mimi ni wa chuo, angeandika nini badala ya “Tunaongeza Nguvu”. Safari hii nilifikiri kabla ya kusema. Nikapendekeza: “Tunakaza springi. Uzito wa kubeba ni uleule.” Akasoma polepole, akakubali kwamba ni kweli yote. Kisha akakumbuka kwamba mchoraji hulipwa kwa herufi. Bango lililotundikwa lina maneno mawili ya kwanza, na yale mengine huyasema mwenyewe kwa mdomo, mteja akishakalia benchi.